Jokofu Linalobipu

Wadogo zangu mafundi wa majokofu ya chanjo mliobaki Nachingwea na Ruangwa, siku mliyoniaga mliniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimeandika. Vyeo na mishahara sikuviweka, maana havina la kuwafundisha. Nimeandika vifaa, watu, na siku zilizoniuma. Na kama mlitegemea mama aliyestaafu aandike kwa upole, mniwie radhi. Kuna jambo moja limenikwama kooni, na sitalimeza kwa sababu tu nimepewa saa ya ukutani na doti ya kitenge.

Nianze mwanzo. Siku yangu ya kwanza kazini nilifika stoo ya Nachingwea nikiwa na cheti changu cha ufundi ndani ya mfuko wa plastiki. Mtunza stoo akaniuliza kama nimemletea fundi chakula. Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akachungulia mgongoni kwangu, labda fundi mwenyewe alikuwa anakuja nyuma. Aliyenipokea kama mtu ni Mzee Mchopa, fundi mkuu wa wakati ule, Mmwera mfupi mwenye maneno machache. Hakutaka kuona cheti. Alinipa tochi na kitambaa, akasema, "Lala chini, mwanangu, uniambie moto una rangi gani."

Ninyi hamkuyakuta majokofu ya mafuta ya taa, kwa hiyo mtacheka: tulikuwa tunawasha moto ili tupate baridi. Chini ya jokofu palikuwa na tangi na utambi, na fundi asiyelala kifudifudi kwenye vumbi hakuona kitu. Moto wa bluu, jokofu ni zima. Moto wa njano, utambi umepinda au umekatwa vibaya. Moshi mweusi, toa chanjo kwanza, maswali baadaye. Nilivaa suruali chini ya kitenge, na wamama wa kliniki walipoiona wakawa wanakonyezana. Baada ya muda wakanizoea, wakawa wananiruka tu kama kizingiti.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha Mzee Mchopa hakikuwa utambi, ilikuwa kengele. Kwenye zahanati za mbali alikuwa anafunga kipande cha bati kinachopinda kikipata joto. Kikipinda kinagusa waya, na ule waya unakwenda kwenye mawe ya tochi na kengele ya mlango aliyoinunua sokoni. Kengele hiyo hakuifunga ofisini. Aliifunga dirishani kwa nesi, hata kama nesi alilalamika kwamba inamwamsha mtoto. Nikamuuliza kwa nini tusitafute namna ya kuwajulisha wakubwa mjini. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hali mchanga.

"Mkubwa wa mjini atafanya nini? Atalipuliza?" alisema. "Jokofu likiumwa, wa kwanza kujua awe yule anayelala jirani nalo. Wa pili ni wewe fundi. Wakubwa tutawaambia likishapona."

Mafuta ya taa yakapita, ikaja gesi, gesi nayo ikapita, zikaja sola. Mzee Mchopa hakuziwahi sola. Angezipenda, na angezitukana vilevile, maana kila kitu alichokipenda alikitukana. Mimi nilibaki fundi mmoja kwa wilaya mbili, pikipiki moja, na sanduku la vifaa nililokuwa nalifunga kwa mpira wa tairi.

Miaka yangu ya mwisho ukaja mradi. Jina lake sitalitaja, wenyewe wanajijua. Tulikusanywa ukumbini Nachingwea, akaja injinia kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, shikamoo yake nzuri. Akatoa mfukoni bodi moja ya kijani, ndogo kama pakiti ya biskuti, akasema ile ni kompyuta nzima. Inachomekwa laini ya simu, inaunganishwa na waya wa kupima joto ndani ya jokofu, na inatuma taarifa yenyewe popote penye mtandao. Sitadanganya, niliipenda palepale. Nilikaa kiti cha mbele siku zote za mafunzo, na miwani yangu nikaipangusa kila asubuhi kama naenda kusoma somo kanisani.

Niwape ya kazi kwanza, hasira isubiri. Memori kadi msinunue za stendi, zinakufa zikionja joto la Novemba, na programu yote inakwenda nayo. Laini mpya iwekeni kwanza kwenye simu ya kawaida, muondoe ile namba ya siri ya kufungulia, la sivyo bodi itakaa inasubiri mtu aje kubonyeza. Modemu, ile sehemu inayobeba laini, ikiwa inatafuta mtandao inavuta umeme kwa pupa. Ukiilisha kwa chaja dhaifu na waya mrefu mwembamba, bodi inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, nawe utakesha unatafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa. Waya uwe mfupi na mnene. Antena itoke nje ya bati. Programu muiandike ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, na muiwekee kiprogramu kidogo cha ulinzi cha kuiamsha ikiganda, maana hakuna atakayetoka Ruangwa kwenda kubonyeza kitufe. Halafu jaribuni palepale itakapokaa. Chini ya mnara wa Nachingwea kila kitu kinafanya kazi. Kule zahanati ya Narung'ombe kuna ukuta ambao upande mmoja mtandao upo na upande wa pili haupo.

Haya, sasa hasira.

Siku ya mwisho ya mafunzo niliuliza swali. "Mwanangu, jokofu likipata joto, hiki kisanduku kitamwambia nani?"

"Kitatuma kwenye seva, mama."

"Seva ni nani?"

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilikuwa nauliza kweli. Akanieleza kwamba kuna skrini ofisini Dar, jokofu likipata joto jina la zahanati linakuwa jekundu.

"Na nesi?"

"Nesi atapigiwa simu na ofisi."

"Na nani ofisini?"

"Kutakuwa na utaratibu, mama."

Hilo neno nimelisikia kazini maisha yangu yote. Likitajwa, ujue hakuna aliyepangwa. Nikamwambia yule kijana kwamba kengele inafungwa dirishani kwa nesi. Akaandika kitu, akanishukuru kwa mchango wangu. Walipotuma muhtasari wa mafunzo nikautafuta mchango wangu, nikakuta kwamba washiriki walifurahia chakula.

Tukavifunga vile visanduku zahanati zote. Na walipopita kuvikagua, watu wa mradi wakabandua kwenye milango ya majokofu zile karatasi ambazo nesi anaandika joto asubuhi na jioni. Mambo ya karatasi yamekwisha, wakasema, mashine inaandika yenyewe. Manesi wakaambiwa jambo moja la kukumbuka: taa ya kijani ikiwaka, mambo yako sawa. Nilikuwepo. Niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, na ndiyo maana sinyamazi.

Zuhura Mnali ni muuguzi wa zahanati moja ya kata ya Nambilanje. Amezaliwa kijiji hichohicho, nyumba ya mama yake iko ng'ambo ya njia, ukikohoa kwenye benchi la zahanati wanakuitikia pole. Mikorosho imefika mpaka kwenye uzio. Na ninyi mnajua mikorosho ikianza kutoa maua kinachofuata ni nini. Watu wanabeba mashine mgongoni alfajiri, umande ukiwa bado upo, wanapuliza salfa, ile dawa ya unga wa njano. Mwezi mzima kijiji kinakuwa cha njano. Nguo ulizoanika zinanuka salfa, uji unanuka salfa. Ile salfa ikatua kwenye paneli za zahanati, umande ukailowesha, jua likaikausha, asubuhi nyingine ikatua juu yake tena. Ikawa ganda. Jokofu likakosa umeme, likaanza kupata joto taratibu.

Kisanduku je? Kisanduku kilikuwa na betri yake na kipaneli chake kidogo upande wa pili wa nyumba, mbali na mikorosho. Taa yake ikawaka kijani, safi kabisa. Mgonjwa anakufa njaa, na tarishi wake anakula na kushiba! Zuhura kila asubuhi akaitazama ile taa kama alivyoelekezwa, akashukuru Mungu, akaendelea na kazi. Jokofu lenyewe hakulifungua, kwa sababu tuliwafundisha wasilifungue ovyo.

Siku ya kliniki akalifungua. Kila kichupa cha chanjo kina kialama kinachobadilika rangi kikipata joto, na Zuhura akaona vyote vimebadilika. Nje wamama wamejaa, wengine wametembea tangu gizani na watoto mgongoni. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Angeweza kunyamaza. Angechanja, wamama wangeondoka wameridhika, na hakuna ambaye angejua mpaka surua iingie kijijini. Badala yake alitoka nje akawaambia chanjo imeharibika, hachanji mtu. Wakamtolea maneno, mmoja akamuuliza kama anajua umbali aliotoka. Akayapokea yote, kisha akanipigia mimi.

"Mama Ansila, jokofu limekufa na taa inawaka," alisema, na alikuwa analia.

Nilifika kesho yake. Nilipanda juu ya bati na ndoo, nikasugua ganda lile kwa kitambaa na kucha, jokofu likaanza kuunguruma kabla sijashuka. Halafu nikafungua kisanduku, nikachomeka kompyuta yangu, nikasoma kilichokuwa kinatumwa. Kisanduku kilijua. Wiki nzima kilikuwa kinapiga kelele kwamba joto limepanda, na kelele zote zilikwenda Dar es Salaam na kupokelewa salama. Ile skrini ilikuwa nyekundu wiki nzima, na hakuna mtu aliyeinua simu. Mtu pekee ambaye hakuambiwa ni yule aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye mlango wa jokofu. Nilikaa kwenye benchi nikatukana, na Zuhura akaufunga mlango ili wagonjwa wasinisikie.

Nilipomaliza kutukana nikafanya kazi. Laini ya mradi ilikuwa ya intaneti tu, haipigi simu. Nikaitoa. Kwenye mkoba nilikuwa na laini yangu ya akiba, niliyoisajili kwa alama ya kidole changu mwenyewe, nikaichomeka, nikaiwekea na kifurushi ili Dar waendelee kupata wekundu wao. Mpaka leo kampuni ya simu inaamini jokofu la Nambilanje ni mimi. Kisha nikaandika programu upya. Walitufundisha wenyewe, sikuiba. Joto likivuka kiwango, modemu inapiga namba ya kwanza, inaacha simu iite kidogo, inakata. Joto likikaa juu muda mrefu, inapiga na ya pili, inakata. Inasubiri, inarudia, mpaka joto lishuke.

Yaani inabipu. Injinia alipokuja kujua alishangaa kwa nini sikutumia ujumbe wa maandishi wenye takwimu. Nikamwambia, mwanangu, huku kwetu nani asiyejua kubipu? Mtoto wa darasa la pili anambipu baba yake aliye shambani, na baba anajua ni uji umeiva au ni mgeni amekuja. Haili salio, haitaki miwani, bibi asiyejua kusoma anaielewa. Mkumbuke tu kuiwekea laini vocha mara mojamoja, isifungwe.

Namba ya kwanza niliandika ya Zuhura. Ya pili yangu. Tukajaribu: nikatumbukiza waya wa joto kwenye kikombe cha chai, tukasubiri. Simu yake ikaita mfukoni, ikakatika.

"Limenibipu!" akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka tangu nifike.

Wiki iliyofuata ikaja tume. Walikaa kwenye meza ya Zuhura, yeye akasimama. Na mimi nilikuwepo, niliitwa kama fundi, na yule injinia pia.

"Ulikuwa unaliangalia jokofu?" mwenyekiti wa tume akamuuliza.

"Nilikuwa naangalia taa, mheshimiwa. Ilikuwa ya kijani."

"Taa na jokofu ni kitu kimoja?"

Zuhura akamtazama injinia. Injinia akatazama simu yake. Nikasema mimi, bila kuombwa. Nikasema tulimwambia sisi, kwa midomo yetu, kwamba taa ni jokofu. Karatasi yake ya joto tukaibandua sisi. Mwenyekiti akamgeukia injinia.

"Mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa," injinia akasema. "Tahadhari zote zilionekana kwenye skrini."

"Iko wapi hiyo skrini?" nikamuuliza.

"Ofisini, mama."

"Kuna mtu yeyote wa ofisini angeweza kunyoosha mkono akafuta salfa kwenye hili bati?"

Nadhani moyoni aliona aibu, sio kijana mbaya. Mwenyekiti alinishukuru kwa mchango wangu. Mnaona? Mchango tena. Kisha wakaandika kwamba mfumo uko sawa na muuguzi amezembea, Zuhura akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuchezea kifaa cha mradi. Niliikunja nikaifanya kabari ya meza yangu iliyokuwa inayumba, ikasaidia sana.

Kupisha uchunguzi. Ninaandika haya na uchunguzi bado unapishwa. Nimeuliza Ruangwa, wakasema jalada liko mkoani. Mkoani wakasema linasubiri taarifa ya mradi. Mradi wakasema wao ni wadau tu. Mwanamke aliyezuia watoto wa kijiji kizima wasichomwe maji yasiyo na kazi yuko nyumbani kwa mama yake, na mwenye ile skrini amekwenda semina. Nimekasirika, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Sasa sikilizeni lililonifanya niandike haya yote. Mwezi wangu wa mwisho kazini nilizunguka zahanati zote kuaga. Nilifika Nambilanje mchana, wakati wa salfa umerudi, kijiji cha njano tena. Pale siku hizi anakuja nesi wa kuazima, siku chache kwa wiki, na siku hiyo hakuwepo. Mlango umefungwa. Nikasikia kitu kinakwangua juu. Nikainua macho, nikamwona mtu kwenye bati, kajifunga kanga kiunoni, ana ndoo na kitambaa, anasugua paneli.

"Zuhura! Unafanya nini huko juu?"

Akanitazama, uso wote wa njano.

"Shikamoo, mama. Limenibipu."

"Umesimamishwa kazi, wewe."

"Mimi nimesimamishwa, ndiyo. Lenyewe halijui," akasema, akarudi kusugua.

Nilikaa kwenye lile benchi na nikalia, mtu mzima mimi, na mkoba wangu magotini. Mama yake akanitazama kutoka ng'ambo ya njia, akaniletea maji bila kuuliza. Msimu mzima, akaniambia, simu inaita mara moja inakatika, binti anaacha kula, anabeba ndoo, anavuka njia. Hakuna anayemwandikia zamu, hakuna anayemlipa, na chanjo ya kijiji kile haijaharibika tena.

Zuhura aliposhuka nikamwomba msamaha kwa niaba ya watu ambao hawatamwomba. Akaniambia nisijali, ngazi ni fupi. Niliomba ufunguo kwa mwenyekiti wa kijiji, nikafungua kisanduku mara ya mwisho, nikakikagua, waya mfupi, antena nzima, kadi nzima.

Nimesikia mradi unataka visanduku vyote visafishwe, namba za watu wasio watumishi zitolewe. Watakaotumwa ni ninyi, najua. Namba yake iko ya kwanza na nawaomba msiiguse. Nenosiri la kisanduku kile nililibadilisha siku hiyo. Sitawaficha, maana nimewasema sana wanaokaa na vitu mbali na wenye kuvihitaji. Andikeni zuhuramnali, herufi ndogo zote, bila nafasi. Yeyote atakayetaka kukifungua, awe fundi, injinia au mwenyekiti wa tume, ataandika kwanza jina la Zuhura. Wataalamu watalalamika kwamba nenosiri halitangazwi, na wana haki kabisa. Siku watakayotangaza majibu ya uchunguzi wao, nitapanda pikipiki niende Nambilanje nikalibadilishe.